Uzio Usiochipua

Ngagara, Quartier 4,
Bujumbura.

Jumapili, tarehe 9 Februari 2025.

Mpendwa Shangazi Ernestine,

Pokea salamu zetu zote, za wakubwa na za wadogo, kutoka nyumbani kwako. U hali gani? Magoti yako yanasemaje na baridi ya huko Sherbrooke? Mélissa alituandikia kwamba mmefika nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, na Mathilde akaniuliza kama nimesoma vizuri. Nilimjibu kwamba mume wake ni mwalimu wa hesabu na namba hazimdanganyi, lakini nilipokuwa peke yangu niliirudia ile namba mara mbili. Tunaomba ujifunike vizuri na usitoke nje bila mtu wa kukushika mkono.

Sisi huku hatujambo. Mvua ilipumzika siku chache za Januari, sasa imerudi kwa hasira. Mathilde alikuwa na mafua, yamekwisha. Fabrice, mdogo wangu, bado anasema ataoa mwaka huu, na sisi bado tunamwitikia.

Barua hii anakuletea Orlane, binti wa jirani yetu wa nyumba ya pili, ambaye anakwenda kusoma Montréal. Utajiuliza kwa nini nakuandikia kurasa hizi ilhali simu ipo na tunasalimiana kila Jumapili. Kuna neno ambalo kila nikishika simu nalikwepa. Unaniuliza, "Na uzio wangu?" Najibu, "Uko," kisha nakimbilia habari za watoto. Karatasi haina sauti ya kuniuliza kitu. Kwa hiyo nakuomba uvae miwani yako usome mwenyewe, usimpe Mélissa akusomee.

Shangazi, uzio wa miti ya sipre haupo tena. Niliukata mimi mwezi wa Machi mwaka jana, na haukuchipua. Sasa nimeshasema, naweza kukueleza polepole.

Ulipoondoka, miezi mitatu baada ya kumzika mumeo, Tonton Ildephonse, uliniachia funguo na maagizo mawili. La kwanza, nihamie hapa na familia yangu tuitunze nyumba. La pili, mwaka wa pili ukitimia, yaani Julai hii, utarudi tumalize kilio, hiyo levée ya mwisho, hapa hapa uani, na mimi ndiye nitakayesema neno la ukoo mbele ya wageni. Heshima hiyo ulinipa mimi, wala si Fabrice ambaye anajua kuongea kuliko mimi. Tangu siku ile nilianza kuutazama uzio kwa jicho la mtu anayengoja wageni.

Na tuseme ukweli, ulikuwa umenenepa. Tonton aliukata kila Jumamosi kwa ule mkasi wake wa mikono mirefu, akipunguza ncha za kijani tu, unene wa kucha, kama kinyozi anayemwogopa mteja wake. Unakumbuka nilivyokuwa nikimtania. Nilimwuliza kama analipwa kwa siku, maana kazi ya asubuhi moja yeye aliifanya miaka ishirini. Alicheka tu akaendelea. Baada yake hakuna aliyeugusa miezi tisa, ukavimba mpaka wapita njia wakawa wanashuka mtaroni ili wapite.

Mimi ni mtoto wa Mugamba. Kule kwetu mkaratusi unakatwa hadi usawa wa kifundo cha mguu, na kabla ya mwaka kwisha kisiki kimetoa machipukizi matano manene. Marehemu baba, kaka yako, alilikata shamba lile lile mara tatu, na kila mara lilirudi na nguvu mpya. Hayo ndiyo niliyoyajua kuhusu miti, na nilidhani yanatosha. Nikapiga hesabu yangu: nikiukata uzio hadi magotini wakati mvua za Machi zinanyesha, utachipua ukiwa kijana, na siku ya kumaliza kilio utakuta ukuta mpya wa kijani. Nilitaka ufurahi. Sina sababu nyingine ya kukupa.

Nilifanya kazi siku mbili kwa panga na msumeno. Sikuacha hata ile miti miwili ya langoni, ambayo Tonton aliiacha irefuke. Siku ya pili, mwili ukiwa bado una moto, nikakata na hibiskasi nyekundu ya karibu na bomba, nikamalizia na mparachichi mdogo wa nyuma ya jiko. Nililala usingizi mzuri sana usiku ule, na leo nikiukumbuka naona haya.

Wiki mbili hazikupita, hibiskasi ikaanza kutoa vichomozi kwenye shina. Mparachichi ukafuata. Sipre, kimya. Aprili, kimya. Mei nikaanza kuzimwagilia maji, mvua inanyesha na mimi namwagilia, mpaka jirani akamwuliza Mathilde kama niko salama. Juni na Julai nikasema ni kiangazi, kila kitu kimelala. Septemba mvua ziliporudi, hibiskasi ilikuwa imenipita kimo, na vile visiki arobaini na kimoja vimesimama pale pale, vya kijivu, vikavu.

Hapo ndipo udadisi uliponishika kuliko hata huzuni. Fikiria, Shangazi: panga ni lile lile, mkono ni ule ule, udongo mmoja, mvua moja. Mti mmoja unarudi kana kwamba hukuugusa, mwingine unakufa wima. Mtu wa hesabu akiona matokeo mawili kutoka jambo moja, anajua kuna kitu hakukihesabu.

Nikaenda Kibenga kwa mtu mmoja anayeitwa Mirindi. Ni Mkongomani wa Uvira, ana kitalu cha miche kando ya barabara, na watu wenye nyumba nzuri za kule ziwani wote humfuata yeye. Nilimweleza kila kitu, nikijifanya kwamba ni uzio wa rafiki yangu. Alinisikiliza huku anajaza udongo kwenye vifuko, kisha akaniuliza:

— Ulikata mpaka wapi? Uliachaka kijani?

Nikasema sikuacha hata kidogo. Akatikisa kichwa.

— Apana, papa. Iyo miti ilikufa siku ile ile. Ni vile tu haikukuambia.

Nikamwuliza, mbona hibiskasi imepona? Akachukua tawi la mwembe lililokuwa chini, akalikwangua gome kwa kucha.

— Mti ya majani mupana iko na macho yenye kulala chini ya ngozi. Ukikata kichwa, yanaamuka. Sipre macho yake iko mu kijani tu. Ukifika kwa mbao mutupu, hakuna mutu wa kuamusha.

Nilisimama pale nikamwona Tonton na mkasi wake. Kumbe hakuwa mwoga wala mvivu. Alijua mpaka ulipo, na kwa miaka ishirini hakuuvuka hata mara moja. Mimi niliyekuwa namcheka niliuvuka kwa siku mbili. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi ningeuliza ningeambiwa, maana yeye alikuwa mtu wa kujibu.

Tangu hapo nimekuwa mwanafunzi wa Mirindi kila Jumamosi. Siku moja alinishtukia, akaniambia huyo rafiki yangu mwenye uzio anafanana nami sana, nikakubali. Hajanitoza kitu. Anasema hajawahi kuona mwalimu anayeuliza maswali mengi kuliko wanafunzi wake.

Nikueleze niliyojifunza, kwa sababu hata wewe umekaa na uzio ule miaka yote na sidhani uliwahi kuuangalia kwa karibu. Mimi nilidhani sipre haina majani, ina kitu kama manyoya. Kumbe yale ni majani, madogo madogo, yamelaliana kama vigae kwenye paa. Msonobari nao unayo, ila ya kwake ni sindano. Jani la mwembe ni pana, lina mishipa inayotawanyika kama njia za panya, na linakunywa jua kwa wingi, lakini pia linapoteza maji kwa wingi. Majani ya sipre na ndugu zake ni membamba na yana nta, hayapotezi ovyo. Ni watu wa kubana matumizi.

Nikadhani basi nimeelewa: jani pana huku, jani jembamba kule, kazi imekwisha. Jumatatu moja nikawa bingwa kwenye chumba cha walimu. Niliwaambia wenzangu kwamba ile miti ya filao kule ufukweni, yenye sindano ndefu na vikoni vidogo, ni ndugu wa sipre. Walinisifu. Jumamosi nikampelekea Mirindi tawi la filao nikitegemea sifa zaidi. Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Alinipa sindano moja akaniambia niivute. Ikaachana vipande vipande kwenye viungo, kama mwanzi mdogo. Ile si jani, ni kijitawi, na majani yenyewe ni vijino vidogo kwenye kila kiungo ambavyo unavitafuta kwa miwani. Filao inatoa maua, kwa hiyo iko upande wa mwembe na hibiskasi ijapokuwa imevaa nguo za msonobari. Jumatatu iliyofuata nilirudi kwa walimu nikakana mafundisho yangu, na mpaka leo wananiita Docteur Filao.

Kumbe jambo lenyewe liko kwenye mbegu. Parachichi huificha mbegu yake ndani ya tunda, inakuwa na nyama na ngozi juu yake. Sipre haina tunda. Mbegu zake hukaa wazi katikati ya magamba ya koni, na zile koni hujifunga ngumi zikangoja. Nilipomwuliza zinangoja nini, Mirindi alisema zinangoja kukauka. Mti ukiwa hai zinaweza kukaa zimefungwa miaka. Tawi likikatwa likanyauka, zinafunguka zenyewe na kumwaga kilichomo.

Shangazi, niliruka kwenye kiti. Ile miwili ya langoni, mirefu, ndiyo iliyokuwa na koni, na matawi yake yote niliyarundika nyuma ya nyumba. Na Mathilde alikuwa akiwashia jiko la mbabula kwa matawi hayo tangu Juni, akiyasifu, kwa sababu utomvu wake unashika moto haraka na kulia kwa mlio wa bisi. Nilirudi nyumbani mbio. Nilimkuta anapika maharage, nikamwomba asiongeze hata kijiti, akadhani nimerukwa na akili. Tulichambua rundo lile mpaka giza likaingia, mimi, yeye na watoto. Tulipata koni thelathini na nne, nyingi zikiwa zimeanza kufunguka.

Mirindi alizipanda mbegu zake mwisho wa Septemba. Ziliota kwa kuchelewa na kwa kujivuta, nami nilikwenda kuzitazama mara nyingi kuliko inavyofaa. Leo kuna miche sitini na miwili, mirefu shibiri moja. Ni watoto wa ile miche uliyoipakata ndani ya beseni kwenye basi kutoka Bugarama, wewe na Tonton, mwaka wa 2001. Huo ndio upande mzuri wa habari yangu, na ninaukata hapa, kwa sababu bado kuna upande mwingine.

Picha niliyokutumia Mwaka Mpya, yenye uzio wa kijani na watoto wamesimama mbele, haikupigwa Mwaka Mpya. Ni ya mwaka 2022. Nilikwisha kujua kwamba uzio umekufa, miche ilikuwa tayari imeota, na bado nikaituma, kwa sababu ulikuwa umeniomba na sikupata ujasiri. Na ili usitambue ni ya lini, niliikata upande wa kulia. Upande wa kulia ndiko Tonton alikokuwa amesimama na mkasi wake. Nilimwondoa yeye, Shangazi, ili uongo wangu upite. Kisha Mélissa akaniandikia kwamba umeichapisha na kuitundika juu ya meza ya kulia chakula, na kwamba kila asubuhi unaisalimia. Sijalala vizuri tangu niliposoma ujumbe huo. Kukata uzio lilikuwa kosa la mtu asiyejua. Hili nililifanya huku najua, na linaniumiza mpaka ninapoandika.

Ndani ya bahasha hii kuna picha nzima. Nimeichapisha mjini. Yumo, anacheka, shati lake limechafuka utomvu.

Nakuambia pia kwamba nilikaribia kufanya la tatu. Mirindi ananiambia kwamba miti mingi ya majani mapana unaweza kuchomeka fimbo yake tu ardhini, ikashika. Ningechomeka mwezi huu, Julai pangekuwa na kijani cha kutosha kuwaziba macho wageni, na wewe ungefika umechoka na safari, labda usingegundua siku ya kwanza. Fimbo nilikuwa nimekwisha kuzileta, zimeegemea ukuta. Mathilde alizitazama, akaniambia akiwa anaosha vyombo:

— Sawa, utafichaka uzio. Na ile picha, utaificha wapi?

Nilizirudisha Kibenga Jumamosi hiyo hiyo.

Kabla sijafika mwisho, niruhusu udadisi wangu mmoja. Kwenye picha za Mélissa naona mti mbele ya nyumba yenu umebaki uchi kabisa, na nyuma yake kuna mingine ya kijani imebeba theluji begani. Mirindi anadhani wa kwanza ni wa majani mapana, umeyatupa ili usikauke wakati maji yote ya ardhini yameganda, na ile ya nyuma ni jamaa za sipre. Lakini hajawahi kuona theluji na mimi pia, tunabahatisha tu. Ukiwa na nguvu, angalia kwa dirisha: wa uchi una vichomozi kwenye ncha za matawi? Na kama kuna kisiki cha kila aina jirani, kipi kinachipua kwenye majira ya joto? Nitafurahi kuwa na jibu lako, hata kama utalituma ukiwa umenikasirikia.

Sasa jambo lenyewe. Visiki sijaving'oa. Sikuona kwamba nina haki ya kuving'oa bila wewe kuviona. Kama utaniambia niviondoe kabla hujafika, nitaviondoa. Miche Mirindi anasema iingie ardhini mvua za Oktoba, na itahitaji miaka mitano kabla haijakutana mabega. Nitakuwa na miaka hamsini na mitatu. Tonton alianza akiwa na hamsini na minne, na ulinisimulia mwenyewe jinsi majirani walivyomwuliza atakayeuona huo uzio ni nani. Mkasi wake nimeutia mafuta, na nimejifunza mahali pa kusimama.

Siku ya kumaliza kilio hakutakuwa na ukuta wa kijani. Watu wa njiani watatuona tumekaa, na sisi tutawaona. Hilo siwezi tena kulibadilisha. Unaloweza kubadilisha ni nani atakayesema neno la ukoo. Ukiona hustahili kusemewa na mtu aliyemkata mume wako kwenye picha, mwambie Fabrice. Atasema vizuri, na mimi nitapanga viti na kupokea wageni langoni, wala sitanung'unika. Lakini ukiniacha nisimame, basi ujue tangu leo kwamba kabla ya kumsifu Tonton, kabla hata ya kuwashukuru waliokuja, neno langu la kwanza litakuwa kwamba uzio huu aliutunza miaka ishirini na miwili na niliukata mimi.

Nisalimie Mélissa na mume wake Valéry, na wajukuu wote, hasa yule mdogo anayekataa uji. Mathilde anakusalimu sana, na Fabrice, na mama yake Orlane ambaye anasema umwangalizie mtoto. Mungu akushike mkono kwenye njia za barafu, akuvushe baridi hii, na akufikishe Julai ukiwa mzima.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na ninayengoja jibu lako,

Callixte